Altezza yangu imepewa 1JZ: gereji iliyofanya kazi, injini ilipokaa na kilo zilipohamia

Ntaanza na jibu kwa wenye haraka. Gereji ni nzuri, chuma wanakijua, waya wanazijua, injini wameikalisha panapotakiwa. Muda wanaokupa usiuamini. Na kuna mambo ya uzito ambayo usipoyasemea wewe mwenye gari hakuna atakayeyagusa. Aliyekuwa anataka hilo tu anaweza kuishia hapo, wengine tuendelee maana mambo yapo.

Gari ni Toyota Altezza RS200, manyuo ya gia sita, ile yenye 3S-GE ya BEAMS, silinda nne. Najua kuna watu washashika kichwa hapo, injini ile ni tamu kweli, hosipawa 210 bila turbo kwa lita mbili tu, lakini yangu ilishachoka, ilikuwa inakunywa oili kuliko mafuta, na kupata nyingine nzima hapa mjini bei haipishani sana na ya JZ, zile silinda sita za Toyota, kwa hiyo nikaona bora niende huko huko kwenye turbo. Nikachukua 1JZ-GTE ya VVT-i, toleo la kuanzia 1996 lenye turbo moja, lita mbili na nusu, hosipawa 280, imetoka kwenye Mark II ya Japani ikiwa na gia boksi yake ya R154, hanesi yake (fungu la waya) na kontro boksi yake (kompyuta ya injini). Hili la kununua kila kitu kutoka gari moja nasisitiza, ukianza kuokoteza waya hapa na kontro boksi pale utazeekea gereji.

Jina la gereji siliweki, wenyewe hawajitangazi na foleni yao tayari ndefu. Wako huku Tabata, ni mzee mmoja na vijana wake, fundi umeme anaitwa kazi ya waya ikifika.

Sasa mi nilichoenda kuangalia kwa mzee huyu ni kitu kimoja, anaipimaje injini kabla ya kuchomelea vishikio. Kwa sababu swapu nyingi (kubadili injini) hapa Dar zinapimwa kwa swali moja tu, boneti inafunga? Inafunga. Basi gari imeisha, lete hela. Af baada ya mwezi mtu analalamika gari inatetemeka kwenye spidi, feni imekula rejeta, taili za mbele zinaisha upande, kona ikimjia anageuza usukani gari inataka kwenda shambani. Anaanza kununua shokapu. Anabadili bushi. Anaenda alaimenti kila wiki. Kumbe tatizo lilikaa siku ile injini inaning'inia kwenye chenibloki na fundi akasema "hapo hapo, funga".

Mzee alianza kabla hata 3S haijatoka. Gari ikiwa imesimama kwa matairi yake kwenye sakafu ya zege, akapiga mstari wa chaki chini kutoka katikati ya haba (kitovu cha gurudumu) ya kulia mpaka katikati ya haba ya kushoto, huo ndo mstari wa ekseli ya mbele. Af akatoa timazi, ile ile ya mafundi ujenzi, akaifunga kwenye boliti ya puli ya mbele ya injini ikashuka mpaka karibu na sakafu, akaweka alama ya chaki. Akafanya hivyo hivyo kwenye mkia wa gia boksi. Kwa hiyo kabla hajafungua chochote alikuwa na ramani sakafuni, Toyota wameiweka wapi injini yao, mbele nyuma na kulia kushoto. Mi nikajua hapa nimefika.

Ukiangalia ile ramani unaona kwa nini Altezza inageuka vile. Sehemu kubwa ya block ya 3S iko nyuma ya mstari wa ekseli, yaani uzito unaelekea katikati ya gari. Hii gari Toyota waliizindua Oktoba 1998 na ikachukua gari bora la mwaka Japani msimu wa 1998 na 1999, na mhandisi mkuu wake Nobuaki Katayama ni yule yule ambaye jina lake linaandamana na AE86, ile Corolla ya miaka ya themanini, kwa hiyo si gari lililokaa vizuri kwa bahati, mtu alikaa chini akaipangia.

1JZ sasa ni silinda sita kwenye mstari mmoja, block ya chuma. Nyuma inagusa ukuta wa kebini, mbele inatafuta pa kutokea. Walipoining'iniza na timazi ikashuka, puli ilikuwa imepita mstari kwenda mbele, na silinda ya kwanza iko karibu na usawa wa ekseli. Hapo ndo mjadala ulipoanza. Kijana mmoja pale, mchapakazi lakini ana mikono inayopenda nyundo, akasema tugonge ukuta wa kebini na handaki la gia boksi tuirudishe nyuma sentimita tano, balansi itakaa. Mzee akaniangalia, "bosi unasemaje, tugonge?"

Nikamwambia mzee ngoja kwanza, tupige hesabu. Na hii hesabu naiweka hapa maana wengi wanabishana bila kuifanya. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye Altezza ni milimita 2,670, yaani sentimita 267. Chukulia injini na gia boksi vyote pamoja ni kilo 280. Ukivirudisha nyuma sentimita 5, uzito unaotoka ekseli ya mbele kwenda ya nyuma ni 280 mara 5 gawanya kwa 267. Jibu ni kilo 5 na kidogo. Tano! Kwa kazi ya kukata handaki, kuhamisha mipira ya hita, kusogeza tundu la gia, kukata propela (shafti ya kwenda difu) upya, na kebini kuanza kupitisha kelele na joto. Kwa gari la mashindano linalotafuta kila kitu sawa, huko kila kilo ina thamani. Kwa gari la kwenda kazini na kutoka wikiendi, hapana.

Sasa chukua betri. Betri ya kawaida kilo 15 hivi, imekaa mbele kabisa kwenye kona ya boneti. Ukiitoa pale ukaipeleka kwenye buti umeisogeza kama mita tatu. 15 mara 300 gawanya 267, karibu kilo 17 zimetoka ekseli ya mbele. Yaani betri peke yake imefanya kazi mara tatu ya kugonga ukuta na nyundo, kwa bei ya waya mnene na boksi. Ndo maana BMW E46 betri iko kwenye buti tangu kiwandani, Mazda MX-5 ya kwanza vile vile, wale hawakuipeleka huko kwa kukosa nafasi tu.

Mzee alisikiliza af akacheka, akasema "mi hesabu sijui bosi, ila nilitaka useme usigonge maana nikigonga huyu dogo hataacha". Na sababu yake yeye ilikuwa tofauti kabisa na nzuri kuliko yangu: Toyota wenyewe walishaweka JZ kwenye hii bodi. Altezza Gita ya AS300, ile ya wagoni, ilitoka na 2JZ-GE, ndugu ya lita tatu isiyo na turbo, na Marekani hii gari iliuzwa kama Lexus IS300 na injini hiyo hiyo. Kwa hiyo pa kukaa JZ palishapangwa na waliochora gari, kazi ya fundi ni kupatafuta palipo na si kubuni pengine. Alisema ameshawahi kupima Gita na anajua puli inaangukia wapi. Hapo nilinyamaza.

Kilichoamua mwisho ni gia. R154 tundu lake halilingani na la gia boksi ya RS200, lever ilitokea pembeni kidogo ya ilipokuwa, wakakata bati kidogo tu la juu na kutengeneza kifuniko kipya. Vishikio vya 3S haviingiliani na JZ kwa hiyo wakatengeneza vya kwao kwa bati nene, na hapa ndo nawapa sifa, walishikiza kwanza kwa vidoti vya weldi, wakashusha injini uzito wote, wakapima tena timazi zote, wakapima na pima maji juu ya injini, ndo wakamalizia kuchomelea kote. Wengi wanachomelea ikiwa bado inaning'inia, af ikishushwa raba zinalala na injini inakaa sentimita moja au mbili chini ya ulivyodhani, sampu (bakuli la oili) inagusa krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya injini).

Sampu nayo ina mambo. Hizi JZ zilitoka kwenye magari tofauti na bakuli la oili halikai sehemu moja kwenye zote, kuna za mbele, kuna za nyuma, kwa hiyo usinunue injini kabla hujajua krosimemba yako inapita wapi. Yangu iliingia kwa nafasi ndogo juu ya reki ya usukani, kidole kimoja kinapita. Dogo akataka kuinyanyua injini kwa spesa apate nafasi zaidi. Mzee akakataa, na yuko sahihi, maana injini ikipanda boneti nayo inaanza kulalamika, na uzito ukikaa juu gari inalala zaidi kwenye kona. Ila nako tusidanganyane, ukishusha injini ya kilo 230 sentimita mbili kwenye gari la kilo 1,460, kitovu cha uzito wa gari zima kinashuka milimita tatu. Utaisikia? Sidhani. Utakachosikia ni sampu ikigonga tuta la Kimara.

Twende sasa kwenye mizani, maana hapa ndo walinishangaa.

Kabla ya kazi nilipitisha gari kwenye mzani wa watu wa vyuma chakavu. Si mzani wa kimaabara, unasoma kwa hatua za kilo 10, lakini kwa hesabu hii unatosha. Unapandisha matairi ya mbele tu, unasoma. Unapandisha gari zima, unasoma. Ukitoa unapata nyuma. Masharti ni mzani uwe sawa na ardhi ya pembeni, na tanki liwe na kiasi kile kile cha mafuta kabla na baada. Kabla ya swapu ilisoma mbele 730, jumla 1,360. Asilimia 53 na pointi mbele.

Nilipomwambia mzee nataka tupime tena baada ya kazi akasema "bosi kwani unaiuza kwa kilo?" Vijana wakacheka mpaka fundi umeme akatoka chini ya dashi kuuliza kuna nini. Tulienda. Mbele 820, jumla 1,460. Kilo 100 zimeongezeka na 90 zimekaa mbele. Imekuwa asilimia 56.

Sasa watu wengi wakiona 56 wanaanza kulia, eti gari nzuri lazima iwe 50 kwa 50. Ile 50 kwa 50 ni nzuri kwenye brosha. Porsche 911 injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma miaka yote hii na hakuna anayesema haijui kona. Subaru injini yake iko mbele ya ekseli ya mbele, imelala chini ndo inajiokoa. Na zile Noah za zamani, SR40, injini iko chini ya siti za mbele kabisa, yaani kwa karatasi imekaa katikati ya gari na inasukuma nyuma kama gari la mashindano, lakini hujasikia mtu kaipeleka kushindana. Uwiano ni namba moja tu, kuna urefu wa kwenda juu, kuna taili, kuna springi, na kuna uzito umekusanyika katikati au umetawanyika kwenye ncha.

Kinachouma kwenye 56 yangu ni vitu vilivyoko mbele kabisa ya pua. Intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake, tuseme kilo 12, iko kama sentimita 70 mbele ya ekseli. Kitu kikikaa mbele ya ekseli hakibebeshi uzito wake tu, kinainua na nyuma pia. Zile 12 ukizipigia hesabu ekseli ya mbele inabeba 15 na ya nyuma inapunguziwa 3. Rejeta kubwa, feni mbili za umeme, kondensa ya AC, vyote viko huko. Kwa hiyo mtu anabishana injini irudi nyuma sentimita tano huku amening'iniza duka la vyuma kwenye bampa.

Na hapa ndo malalamiko yangu ya kwanza kwa gereji. Betri kwenda kwenye buti tulikubaliana tangu mwanzo, nikailipia na waya. Nimeenda kuchukua gari betri iko pale pale mbele, eti "fundi umeme alikuwa na haraka". Intakula walichukua kubwa kuliko tuliyosema kwa sababu ndo ilikuwepo dukani. Na springi za mbele ni zile zile zilizokuwa zinabeba silinda nne, gari imekaa pua chini, taa zinaangaza lami ya mbele ya bampa. Nikawauliza hii mnaiitaje imeisha? Mzee mwenyewe hakuwepo siku hiyo. Alipoona picha alinipigia mwenyewe, akaniambia "mdogo wangu samahani, ilete", na tangu hapo kazi ilienda kwa heshima.

Kwa kujua tofauti niliipeleka kwanza hivyo hivyo barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Kama hujawahi kupanda pale, ni kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, na mabasi yanashuka kama barabara ni yao. Sikukimbiza, pale hapataki sifa. Lakini hata kwa mwendo wa kistaarabu gari ilikuwa inasema. Kona ya kubana kabla ya Soni unakata usukani, pua inafikiria kwanza, unaongeza usukani, matairi ya mbele yanalia, unapunguza mafuta ndo inakubali. Altezza ya 3S ilikuwa inaingia kona kabla hujamaliza kuiwaza.

Sababu si uzito tu. Taili ukiiongezea mzigo inashika zaidi, lakini haishiki zaidi kwa kiwango kile kile ulichoongeza. Ukiongeza mzigo kwa asilimia 12 mshiko unaongezeka kwa chini ya hapo, wakati nguvu ya kuigeuza gari inayotakiwa imeongezeka yote. Kwa hiyo mbele inaishiwa kwanza. Na ukishuka ukakanyaga breki ndo balaa zaidi, kwa breki kali na kitovu cha uzito kikiwa kama nusu mita juu ya lami, karibu kilo 220 zinahamia mbele, matairi ya mbele yanabeba 1,040 na ya nyuma yanabaki na 420. Kona ya kushuka na breki kwa pamoja, na diski za mbele za kawaida, ilinitosha nikarudi Dar polepole.

Safari ya pili gereji ndo walinionyesha kazi. Betri ikaenda kwenye buti, upande wa kushoto, kwa sababu sisi dereva anakaa kulia na mara nyingi niko peke yangu, kwa hiyo na upande kwa upande inasaidia. Nilitaka ikae karibu na mgongo wa siti ya nyuma na sio mwishoni kabisa mwa buti, maana uzito ukiusukuma mpaka ncha ya nyuma uwiano unapendeza lakini gari inakuwa nzito kuanza kugeuka na nzito kuacha kugeuka. Mzee akaelewa haraka, alisema hata mkokoteni ukipakia ncha zote mbili haupindi. Boksi lina kifuniko na bomba la kutoa hewa nje, hii sio urembo, betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayowaka. Na fyuzi kubwa iko karibu kabisa na betri, sio mbele karibu na stata, maana ule waya unapita chini ya kapeti urefu wa gari zima na ukichunika bila fyuzi gari inaungua ukiwa umekaa juu yake. Fundi umeme alitaka kuiruka, mzee akamrudisha. Nampa maua yake.

Springi za mbele wakatafuta ngumu zaidi, pua ikarudi juu, af alaimenti mpya. Intakula ikabadilishwa ndogo na ikasogezwa karibu na rejeta. Tukaenda mzani tena, safari hii hakuna aliyecheka, dogo ndo alikuwa wa kwanza kusoma. Mbele 800, jumla 1,460. Chini kidogo ya asilimia 55. Kwa injini iliyoongeza silinda mbili na turbo, mi naita hiyo kazi.

Kona zile zile, matairi yale yale, ni gari nyingine. Pua inaingia. Siyo kama 3S, asikudanganye mtu, silinda nne zikikaa nyuma ya ekseli haziigizwi na betri, lakini sasa gari inakuambia mapema inataka nini, na ukitoka kwenye kona ukafungua mafuta ile turbo inaamka mkia unakaa chini na kusukuma.

Lingine walilorekebisha bila kunitoza ni mtetemo. Kuanzia kama 90 kulikuwa na mvumo chini ya siti, unaongezeka na spidi, ukiweka nyutro bado upo, kwa hiyo si injini. Mzee akalaza simu yenye app ya kupima mteremko kwenye mkia wa gia boksi, af kwenye pua ya difu. Gia boksi ilikuwa imeinamia chini zaidi ya difu kwa digrii kadhaa. Kros jointi mbili (viungio vya ncha za propela) zinatakiwa pembe zake zilingane ili moja ifute mchezo wa nyingine, zisipolingana propela inazunguka kwa kupiga hatua, na hilo hakuna balansi ya propela inayolitibu. Alichofanya ni kuweka kipande cha chuma cha kama milimita 10 kwenye kishikio cha gia boksi, mkia ukapanda, mvumo ukaisha. Hapa sasa unaelewa kwa nini ile timazi ya mkia ilikuwa na kazi, ila timazi inakupa mahali, haikupi pembe, na pembe walipaswa kuipima siku ya kwanza.

La kuangalia kwa yeyote anayefuata njia hii: JZ egzosi na turbo ziko kulia, na sisi usukani uko kulia, kwa hiyo shafti ya usukani inapita jirani na moto. Yangu ilitoka bila ngao ya joto. Niliomba, wakaweka, bati zuri lenye nafasi ya hewa katikati, lakini niliomba. Mipira ya breki nayo upande ule wakaivisha. Joto la injini lenyewe halijanisumbua, foleni ya Tazara mchana wa Februari AC ikiwaka sindano haijavuka katikati.

Bei. Ufundi mpaka mwisho milioni 2.8 pamoja na fundi umeme, vifaa vidogo vidogo nje ya hapo, injini na gia boksi ndo vilikula zaidi ya nusu ya kila kitu. Kuna watakaokwambia wanafanya kwa milioni moja na nusu, na wanafanya kweli, boneti inafunga. Muda walisema wiki tatu, usiniulize ilikuwa ngapi, we zidisha na uwe na usafiri mwingine. Simu wanapokea, hilo nalo ni jambo, ila kila ukipiga "kesho bosi".

Kati ya nyota tano nawapa nne. Iliyotoka imeondoka na ahadi ya muda na ile betri ya siku ya kwanza. Ukienda omba mzee awepo siku ya kushusha injini na siku ya kukabidhi, na yale mliyokubaliana yaandikwe, betri wapi, intakula ukubwa gani, springi zipi, kwa sababu vijana wanafunga kilichopo mezani. Kadi ya gari ina namba ya injini kwa hiyo TRA unaenda mwenyewe kubadilisha, gereji hawakusaidii kwenye hilo zaidi ya kukupa karatasi ya ulikonunulia, na bima waambie mapema. Na wale wanaoniuliza kama 2JZ inakaa pale pale, mbele na nyuma ndiyo, lakini block yake ni ndefu zaidi kwenda juu kuliko ya 1JZ, kwa hiyo pima nafasi ya boneti kwanza kabla hujatoa hela ya mtu.